Kontrolboksi ya shokapu inafanya nini, na haifanyi nini

Jumamosi moja mwezi uliopita, kwenye gereji ya chini ya mwembe hapa Mwanga, Kigoma, kazi zilisimama karibu nusu saa kwa ajili ya video moja ya simu. Ilikuwa ya Nissan GT-R, gari la spoti la Kijapani. Mwenye gari alikuwa anaeleza kwamba amebadilisha kontrolboksi ya shokapu tu, yaani kompyuta ndogo inayoziamuru shokapu, na gari lililokuwa likimpiga mgongo kila siku sasa limetulia. Kijana mmoja mwenye Crown Athlete, aliyekuja kubadilisha oili, akauliza: "Fundi, na mimi nikiagiza kiboksi hicho, langu si litalainika?"

Majibu yalitoka pande zote. Mmoja akasema hiyo ni saspensheni ya hewa, inajazwa upepo. Wa pili akasema ni programu tu, kama mtu anavyoapdeti simu. Wa tatu, fundi wa siku nyingi, akamwambia: "Achana na mambo hayo, mdogo wangu. Ng'oa hizo shokapu za waya, weka za kawaida." Yule wa kwanza alikosea. Wawili waliobaki kila mmoja alishika kipande cha ukweli, lakini kipande chenyewe hakikutosha kumwongoza kijana aliyekuwa tayari kutoa hela yake.

Nimeona niliandike hili kwa urefu kwa sababu Crown na Mark X zimekuwa nyingi mjini kwetu, na baadhi yake zimekuja na shokapu za umeme bila wenyewe kujua. Watu wanabadilisha vitu vizima na kuacha vibovu.

Tuanze na springi. Springi ndiyo inayobeba gari. Ukikuta gari limelala upande mmoja, angalia springi kwanza. Shokapu haibebi uzito huo. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kukandamizwa. Gari lisilo na shokapu nzima likipita tuta la pale sokoni litaendelea kunesa mpaka likaribie tuta linalofuata.

Ndani ya shokapu kuna oili na bastola yenye matundu madogo. Gurudumu likipanda au kushuka, bastola inasukumwa ndani ya oili, na oili inalazimika kupenya kwenye yale matundu. Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha sukuma. Ukiziba kabisa, mkono unagoma. Ukiachia nafasi kidogo, unakwenda kwa upinzani. Ukitoa kidole, unateleza. Shokapu ya kawaida ni pampu ambayo kidole chake kiwandani kilishawekwa mahali pamoja na hakitoki hapo maisha yake yote. Nguvu inayozuiwa hugeuka joto, ndiyo maana ukiigusa shokapu baada ya kutoka safari ya barabara mbovu ya vumbi unaikuta imechemka.

Shokapu badilifu, ambazo mtaani tunaziita shokapu za umeme, ni zile ambazo kidole kinaweza kusogea wakati gari linatembea. Kwa nyingi kati yake kinachosogea ni valvu ndogo ya sumaku ya umeme, au mota ndogo juu ya shokapu inayozungusha fimbo ya ndani ili kupanua au kufinya njia ya oili. Toyota walikuwa na mfumo wa namna hii, wakiuita TEMS, kwenye Soarer tangu mwaka 1983. Wajukuu wake ndio AVS ya kwenye baadhi ya Crown na Mark X zinazopita hapa Lumumba kila siku.

Kuna aina nyingine, na hii mtu wa Kigoma ataielewa haraka kuliko mtu wa kwingine. Asubuhi ya baridi mawese kwenye dumu yanakuwa mazito, kijiko kinasimama. Jua likipanda yanalegea na kumiminika. Sasa chukulia kuna mafuta yanayoweza kuganda namna hiyo na kulegea tena ndani ya milisekunde chache (milisekunde ni sehemu ya elfu moja ya sekunde), bila jua, kwa kuwashiwa na kuzimiwa sumaku. Mafuta hayo yapo. Yana chembe ndogo sana za chuma ndani yake, na sumaku ikiwashwa chembe hujipanga kama minyororo na kuyazuia yasitembee. Jacob Rabinow, mvumbuzi aliyefanya kazi Marekani, aliyaeleza mwaka 1948. Ilichukua zaidi ya nusu karne hadi yalipoingia kwenye shokapu za gari linalouzwa kwa watu, Cadillac Seville STS ya mwaka 2002, na mwaka uliofuata yakaingia kwenye Corvette. Hapo hakuna tundu linalobadilishwa ukubwa. Kinachobadilika ni mafuta yenyewe.

Hizi zote si saspensheni ya hewa. Saspensheni ya hewa ni mfuko wa mpira uliojazwa hewa, na unachukua nafasi ya springi, yaani unabeba uzito na unaweza kuinua au kushusha gari. Shokapu badilifu haiwezi kuinua gari hata sentimita moja. Inachoweza ni kukataa mwendo au kuuruhusu, basi.

Nani anaamua kidole kikae wapi?

Hapo ndipo kontrolboksi inapoingia. Ni kompyuta ndogo, wakati mwingine imefichwa kwenye buti au chini ya kiti. Inapokea habari za mwendo wa gari, usukani umekatwa kiasi gani, breki imekanyagwa au la, na mara nyingi sensa zinazoipa habari mwili wa gari unarushwa kiasi gani. Halafu inapeleka mkondo wa umeme kwenye kila shokapu: wewe kaza, wewe legea.

Watu wengi hudhani gari laini ni lile lenye shokapu laini. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu kosa hili ndilo linalozaa mengine yote.

Nenda mwaloni Kibirizi alfajiri, mtazame mama anayepandisha beseni la dagaa kichwani. Njia ina mawe na mashimo, lakini beseni linakwenda kama linaelea. Angalia magoti yake. Mguu unapokanyaga jiwe, goti linalegea na kukunjika, mguu unapanda bila kusukuma kichwa juu. Mguu unaposhuka shimoni, goti linanyooka kwa kujizuia, ili mwili usianguke pamoja na mguu. Angelegeza magoti muda wote, angepepesuka na beseni lingemwagika. Angeyakaza muda wote, kila jiwe lingefika kwenye dagaa. Utulivu wa beseni lile unatokana na kulegea na kukaza kwa wakati wake, tena miguu miwili kila mmoja kivyake.

Mwaka 1974 Dean Karnopp wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake wawili, M. J. Crosby na R. A. Harwood, walichapisha wazo ambalo mpaka leo liko ndani ya kontrolboksi nyingi. Walisema: tuchukulie mwili wa gari umefungwa kwa shokapu iliyoning'inizwa mbinguni. Gurudumu linaweza kupanda na kushuka litakavyo, mwili hautikisiki kwa sababu umeshikwa kutoka juu. Kwa kuwa hakuna mahali pa kutundika shokapu angani, wakatafuta kanuni ya kuiga matokeo yake kwa shokapu iliyo pale pale chini ya gari.

Kanuni yenyewe ni ya goti la yule mama. Mwili wa gari ukiwa unapanda na shokapu inanyooka, kaza, maana ukaidi wa shokapu utauvuta mwili chini. Mwili ukiwa unapanda lakini shokapu inakandamizwa, yaani gurudumu ndilo linalosukuma kutoka chini, legeza, maana ukikaza utakuwa umeongeza msukumo. Mwili ukiwa unashuka, geuza kanuni kinyume. Ndiyo hiyo. Ugumu uko kwenye muda.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa linamaliza karibu mita 14 kila sekunde. Rasta ya barabarani yenye upana wa sentimita 30 inapita chini ya gurudumu kwa takriban milisekunde 22, chini ya mara moja ya kupepesa jicho. Mfumo unaohitaji sehemu ya kumi ya sekunde kubadilisha valvu, gari litakuwa limeshatembea karibu mita 1.4 kabla haujajibu. Amri ya kulegeza itafika gurudumu likiwa limeshashuka upande wa pili wa rasta, wakati ambapo ilitakiwa kukaza. Shokapu inayobadilika kwa kuchelewa inaweza kuwa mbaya kuliko ile isiyobadilika kabisa, na nadhani malalamiko mengi ya "shokapu za umeme hazina faida" yametoka hapo.

Kuna jambo la mwili wa binadamu pia. Mwili wa gari ukinesa hupanda na kushuka mara moja hadi mbili hivi kwa sekunde, kasi ambayo haiko mbali na hatua za mtu anayetembea, kwa hiyo hatuioni kama adha mpaka izidi. Gurudumu lenyewe hutetemeka haraka zaidi, mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Ile mitikisiko ya katikati, mara 4 hadi 8 kwa sekunde kwenda juu na chini, ndiyo inayomuumiza zaidi mtu aliyeketi, na kiwango cha kimataifa cha ISO 2631 kinachotumika kupima mitetemo kinaipa uzito mkubwa kwa sababu hiyo. Shokapu iliyokazwa kupita kiasi inazuia kunesa vizuri sana, lakini inalishika gurudumu na mwili kama kitu kimoja, na mitikisiko hiyo ya katikati inapenya moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Ndiyo hali ya magari mengi ya spoti. Shokapu iliyolegezwa muda wote nayo huliacha gari likiyumba kama boti iliyokutana na mawimbi ya ziwani, na abiria wa kiti cha nyuma anaanza kuomba mfuko.

Kwa nini mtu abadilishe ya kiwandani?

Kontrolboksi inayotoka na gari imepangwa kwa ajili ya kila mnunuzi na kila barabara ambayo kiwanda kiliifikiria. GT-R ina swichi ya hali tatu, ya kawaida, ya starehe na ile ya R kwa ajili ya kukimbia. Ukichagua R, unakuwa umeuambia mfumo uanzie kwenye ugumu mkubwa, barabara iwe nzuri au mbaya. Kontrolboksi nyingi za zamani pia zina jedwali la maamuzi, yaani orodha ya ugumu wa shokapu kwa kila hali, lenye hatua chache, na zikishakaza huchelewa kulegeza.

Kontrolboksi mbadala, zinazotengenezwa kwa ajili ya magari kama GT-R, Porsche 911 na Corvette, huchomekwa kwenye soketi ile ile ya zamani bila kukata waya. Ndani yake kuna kompyuta inayosoma habari za gari kwa haraka na jedwali lenye hatua ndogo ndogo nyingi, ambalo mwenye gari anaweza kulibadilisha kwa laptopu: mbele kiasi hiki, nyuma kiasi hiki, kwenye breki kaza mbele tu, kona ikiisha legeza mara moja. Yule jamaa wa kwenye video hakudanganya. Gari lake limekuwa tulivu kwa kuwa sasa shokapu hukaza pale tu zinapohitajika na muda uliobaki zinaachiwa. Kwa hiyo yule aliyesema ni programu alikaribia, ila programu ya kiwandani kwa kawaida imefungwa, mtumiaji hawezi kuifikia, na ndiyo maana watu wananunua kiboksi kizima.

Uhuru huo una hatari yake. Jedwali likipangwa na mtu anayebahatisha, gari linaweza kuinamisha pua kupita kiasi kwenye breki ya ghafla au kutupa nyuma kwenye kona. Mimi nisingekubali jedwali lililopakuliwa kwa mtu nisiyemjua liwekwe kwenye gari linalobeba watoto.

Sasa mipaka. Kila shokapu ina ulaini wake wa mwisho, njia ya oili ikiwa wazi yote, na ugumu wake wa mwisho. Kontrolboksi inacheza ndani ya hapo tu. Haiwezi kuilegeza springi ya GT-R, ambayo kiwandani iliwekwa ngumu kwa makusudi. Haiwezi kuibadilisha tairi. GT-R ya toleo la R35 ilitoka kiwandani na tairi za mbele za 255/40 za inchi 20, maana yake kutoka rimu hadi lami kuna mpira wa sentimita 10 tu, tena tairi zenyewe zimetengenezwa kwa mbavu ngumu zinazoweza kutembea bila upepo. Noah yenye 195/65 za inchi 15 ina sentimita 12 na nusu hivi. Hilux yenye 265/65 za inchi 17 ina 17. Shimo likipigwa na tairi nyembamba, pigo limeshafika kwenye rimu kabla shokapu haijaulizwa.

Na haiwezi kufufua shokapu iliyokufa. Shokapu iliyovuja oili haina cha kukaza wala kulegeza. Ukiipelekea umeme wa kontrolboksi bora duniani, ni kama kuziba na kuzibua pampu ya baiskeli iliyotoboka. Bushi zilizokatika, boljointi zinazocheza, mipira ya juu ya shokapu iliyobonyea, vyote hivyo hugonga kwa sauti na kwa mtikisiko ambao dereva huusingizia shokapu.

Kukata springi ili gari likae chini, mtindo ambao vijana wetu wanaupenda, ni kujinyima kabisa. Umepunguza nafasi ya gurudumu kupanda, gari linagonga mwisho, na kwenye mfumo wenye sensa za urefu, kompyuta inaanza kudhani gari limebeba mzigo muda wote.

Swali ninaloulizwa sana ni kama mfumo ukizimika njiani, labda katikati ya Uvinza na Malagarasi, gari litakwama. Halikwami. Shokapu za mafuta ya sumaku zikikosa umeme zinabaki laini, kwa kuwa hakuna cha kuyagandisha. Zile za valvu zinabaki kwenye hali moja ambayo mtengenezaji aliichagua. Taa itawaka kwenye dashibodi na utafika nyumbani polepole, huku gari likiwa na tabia usiyoizoea kwenye kona.

Tukirudi kwenye Crown ya yule kijana. Kiboksi cha GT-R hakiwezi kuingia humo. Kila kontrolboksi imetengenezwa kwa aina fulani ya gari, kwa valvu zake na kiasi chake cha mkondo. Mota za AVS za Crown yake na valvu za GT-R haziendeshwi kwa amri moja. Na gari ambalo shokapu zake ni za kawaida, bila waya, halina hata mahali pa kuchomeka.

Kujua kama gari lako lina shokapu za umeme, fungua boneti, toa kifuniko cha juu ya shokapu ya mbele. Ukiona soketi na waya vinaingia juu ya shokapu, ni zenyewe. Kitufe cha spoti peke yake si ushahidi, kwenye magari mengi kinagusa injini na gia tu.

Ushauri wa yule fundi mkongwe, wa kuweka shokapu za kawaida, siupingi. Kwa gari la miaka kumi na tano, shokapu za umeme zikiwa zimekufa zote nne, shokapu za kawaida zilizo mpya na za ubora ni bora mara nyingi kuliko za umeme za mtumba ambazo hujui zilitembea wapi. Ila zile mota na waya lazima zishughulikiwe na fundi umeme anayeelewa, si kukatwa na kuachwa zikining'inia, maana taa itawaka daima na siku tatizo jingine likitokea hutalijua. Kosa la fundi wetu lilikuwa kutoa ushauri huo kabla gari halijapandishwa jeki.

Tulilipandisha. Tairi zilikuwa zimejazwa upepo zaidi ya paundi 40, wakati kibandiko cha kwenye mlango wa dereva kilitaka kama paundi 8 chini ya hapo. Bushi za mikono ya mbele zilikuwa zimepasuka pande zote mbili. Shokapu zenyewe zilikuwa kavu, hazijavuja, na tatu kati ya nne tulizisikia mota zake zikizunguka tulipobonyeza swichi. Ya nyuma kulia ilikuwa kimya, waya wake umekatika karibu na soketi. Kijana alilipa bushi na kuunganishiwa waya, upepo ukapunguzwa, akazunguka Gungu na kurudi. Alituambia gari bado linagonga kidogo nyuma, na tukakubaliana alete tena Jumatatu ili tutoe mipira ya juu ya shokapu za nyuma tuiangalie.